Nilivyokwenda mbele ya Shefu na jani kinywani

Kwenye matanga ya Feruzi, binti yake mukubwa alitoa nguo za marehemu moja moja na kuzipanga juu ya mukeka, ili ndugu na rafiki wachague cha kumukumbukia. Kulikuwa koti la arusi, kulikuwa suruali mbili, na chini kabisa kulikuwa fulari ya skuti, kile kitambaa cha shingoni, ya kijani na ukingo wa manjano, imekunjwa vizuri na kukauka kama ganda la ndizi juani. Nikaichukua nikaipeleka puani. Wanga wa muhogo na moshi wa pasi ya makaa. Mutu muzima, mwenye wajukuu, na bado alikuwa anaipiga pasi! Watu walidhani ninajifuta machozi. Ni kweli, yalikuwepo, lakini kwanza nilikuwa ninanusa.

Mimi shule sikufika nayo mbali. Darasa la tano, basi. Lakini simama pale sokoni Kasongo uulize nani mwenye depo ya milango mitatu ya chuma, nani pikipiki zake zinapeleka chumvi, sabuni na misumari mpaka Wamaza, mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu, watakuonyesha kwa kidole na hautapotea. Ile barabara imevunja magari ya watu wenye diploma. Mimi haijanivunja. Watu wanasema nilizaliwa na mudomo. Wanakosea. Nilizaliwa karibu bubu. Mudomo huu nilifundishwa, sawa na mutu anavyofundishwa kufunga mafundo ya kamba, na aliyenifundisha njo huyu tuliyemuzika. Ninyi wa rika langu, mulioenda misa na kaputula zilizotoboka matakoni kama yangu, nawaandikia ninyi. Mutaelewa.

Nililelewa na bibi, mama ya baba. Baba alikufa kabla sijaishika sura yake. Mama alikaa na sisi muda, kisha akaolewa na muvuvi wa Nyangwe, kule kwenye muto Lualaba. Kwetu mutoto ni wa ukoo wa baba, basi mama alienda, mimi nikabaki. Hakuna aliyenieleza hivyo. Mutoto wa wakati ule hakupewa maelezo, alipewa muhogo wa kuchoma. Ninakumbuka mugongo wake, na beseni kichwani, na mimi nimesimama kando ya nyumba nimefunga mudomo, nikijitahidi kuwa mutoto muzuri. Kwa bibi, mutoto muzuri alikuwa yule anayenyamaza.

Bibi alikuwa mutu wa Kabambare, na alikuja Kasongo na mambo ya kwao ambayo hapa mujini watu walikuwa hawayajui tena. Kwao, mutu akinasa nyama mutegoni hakurudi akipiga kelele. Aliokota jani njiani, akalibana kati ya midomo, akaingia uani, akaketi. Watu wakiona jani, wanajua. Mwingine njo anakwenda kuangalia, muke wake, ndugu, hata mutoto, na anarudi akitangaza: fulani ameua, fulani ni mwanaume! Mwenyewe hasemi neno mpaka wengine wamemaliza kumusifu. Kisha anatoa jani na kuomba maji ya kunywa.

Babu alikuwa amekufa, mitego imeoza, lakini bibi aliishika ile desturi na kuiweka juu ya kila kitu nilichofanya. Nikiteka maji bila kutumwa, ninabana jani, ninaketi mulangoni. Bibi anatoka jikoni, anajifanya ameshituka.

"Ee! Mume wangu ana jani leo! Ngoja niangalie amefanya nini huyu."

Anazunguka nyumba polepole na muguu wake muzito, anachungulia chini ya kitanda, anafunua vyungu, anauliza mbuzi wa jirani, mpaka anafika kwenye mutungi uliojaa. Hapo anapiga vigelegele, majirani wanatoka. Na mimi pale mulangoni, jani linatetemeka kwa sababu ninazuia kucheka. Nimekula nyama kwenye hoteli za Goma, nimelala kwenye vitanda vyenye chandarua cheupe, lakini raha ile sijaipata tena.

"Wema wako ukiutaja mwenyewe, umeula," alikuwa anasema bibi. "Mwachie mwenzako autaje."

Na mutu niliyekuwa hivyo njo aliyeingia skuti ya parokia. Tuligawanywa kwa vikosi vyenye majina ya wanyama. Sisi tulitaka Chui, lakini Chui walikuwa wamechukuliwa na watoto wa walimu. Tukapewa Kanga. Mukubwa wa Kanga alikuwa Feruzi, kijana aliyeanza kuota ndevu, murefu, mwenye magoti makubwa, aliyetufulia fulari zetu mwenyewe, akazitia wanga na kuzipiga pasi, kwa sababu alisema kanga hata akiwa maskini manyoya yake yamepangwa.

Mukubwa wa wote alikuwa Shefu Musafiri. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, na alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa akikusikiliza, kama kwamba mahali fulani ndani yako kuna chuma cha cherehani kinagonga. Mutoto aliyetaka kupanda daraja ilibidi afunge mafundo mbele yake, awashe moto kwa njiti moja ya kiberiti, aseme sheria ya skuti bila kukwama, kisha aketi na Shefu, wao wawili tu, wazungumze. Kazi ya kumutayarisha mutoto ilikuwa ya mukubwa wa kikosi.

"Kanga wangu akirudishwa, ni mimi nimerudishwa," alituambia Feruzi. "Basi hamutarudishwa."

Mwaka ule daraja lilikuwa na uzito, kwa sababu baada ya kikao kulikuwa kambi, na kambi ilikuwa Nyangwe. Wenye daraja wanakwenda. Wasio na daraja wanabaki kufagia kiwanja cha parokia. Niliposikia neno Nyangwe sikumuambia mutu. Mama iko kule, nikasema moyoni, na miguu yangu inaweza kufika.

Tulijitayarisha nyuma ya tanuru la matofali, mimi na Asani, mutoto wa fundi nguo, mwenye maneno mengi kama redio. Feruzi alipindua kinu, akaketi juu yake, akakaza shingo, akawa Shefu.

"Skuti, umekuja kufanya nini?"

"Kuomba daraja, Shefu," nikasema.

"Sauti inatoka puani! Sema kwa kifua. Tena!"

"Kuomba daraja, Shefu!"

"Na wewe Asani, mbona unajikuna?"

"Shefu, kinu kinafanana na bibi yako ulivyokikalia, ninashindwa kujizuia."

Alimufukuza akizunguka tanuru, kisha tukaendelea. Kamba zetu zilikuwa za kekele, mutambaazi wa pori, zinakata vidole. Nisijifiche: kwa mafundo hakukuwa mutoto wa kunifikia, hata kati ya Chui. Moto ndio usiseme. Hata leo nipe njiti moja, nipe kuni za mvua, kaa pembeni uone. Feruzi alikuwa anapita nyuma yangu akitikisa kichwa kwa furaha. Swali moja tu hakulifundisha.

"Mwishoni atakuuliza wema uliofanya," alisema, akichukua kofia yake. "Hiyo si swali, hiyo ni zawadi. Jitayarishe tu vizuri."

Kwa Feruzi, mutoto wa mujini, ilikuwa zawadi kweli. Na mimi nikajitayarisha vizuri, kwa akili yangu. Asubuhi ya kikao nilizunguka mupera wa jirani nikatafuta jani lisilo na tundu la mududu. Nikalifuta kwa shati, nikaliweka mufukoni.

Mafundo yalipita. Moto ulipita, na kulikuwa manyunyu. Sheria niliisema yote. Shefu alinikalisha kwenye ngazi nyuma ya sakristia, akaketi ngazi ya chini ili macho yetu yalingane.

"Vizuri sana, Kanga. Sasa niambie. Tangu umeingia kwetu, umefanya wema gani?"

Nikatoa jani. Nikalibana kati ya midomo. Nikaweka mikono juu ya magoti, nikangoja.

Shefu naye akangoja. Kichwa kikainama upande mumoja, kisha upande wa pili.

"Unakula nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Kama si chakula, litoe."

Ningelitoaje? Hakuna aliyekwenda kuangalia bado! Nikageuza macho nikamuonyesha njia ya kwetu, aende aone mutungi. Nikageuza macho upande wa musikiti, aende amuulize muzee Ramazani asiyeona, ambaye Ijumaa nilikuwa ninamushika mukono mpaka penye kutawazia. Shefu akageuka kufuata macho yangu, hakuona kitu, akanirudia.

"Mutoto, unanichezea?"

Jani likaanza kulowa. Moyoni nilikuwa ninapiga kelele: simama basi, baba, uende uone! Lakini alisimama ili kunifungulia njia. Hakukasirika, na hiyo iliniumiza zaidi.

"Nenda. Jumapili urudi na jibu. Nikikukosa, utabaki."

Nje Feruzi alinipokea na mikono miwili. "Amekupa?" Kisha akaona mudomo wangu. "Ee Mungu! Umetafuna mupera mbele ya Shefu?"

"Mbuzi!" Asani akaanguka chini kwa kicheko. "Kanga wamezaa mbuzi!"

Kutoka hapo nikaitwa Mbuzi mpaka nilipoota ndevu, na leo kuna wazee wenzangu wanaokuja kukopa pikipiki wakisahau na kuniita hivyo deponi, mbele ya vijana wangu. Ninawacheka tu. Siku ile sikucheka. Feruzi alimufukuza Asani, akanipeleka nyuma ya tanuru, akanikalisha juu ya kinu chake mwenyewe, akauliza. Nikamueleza jani. Nilikuwa sijawahi kumueleza mutu, na nilieleza vibaya, kwa vipande. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Shefu ni mutu wa Kindu," alisema. "Kwake jani ni jani."

"Yaya Feruzi, kaka yangu, umuambie wewe. Wewe njo mwenzangu. Tangaza."

Akafikiri, akikwaruza magoti yake makubwa. "Ninaweza. Lakini nikikusemea, daraja litakuwa langu. Shefu anataka sauti yako. Na kwa nini unalia hivyo? Kambi zitakuwa zingine."

"Mama iko Nyangwe," nikasema.

Akaokota kipande cha tofali, akakivunja kwa vidole. Kisha akasimama. "Twende sokoni."

Nilidhani ananipeleka kuninunulia kitumbua cha kunituliza. Hapana. Alinisimamisha pale wamama wanapouza mboga, akaniambia nitazame. Mama mumoja alikuwa na pilipili, na sauti yake ilifika mpaka barabarani: "Pilipili! Ya leo leo! Imetoka shambani na umande wake! Baba, usipite, muke wako atakuuliza!" Kando yake mama mwingine ameketi na matembele mazuri, mabichi, ameyafunga mafungu vizuri, na amenyamaza.

"Huyu anayeita anadanganya?" Feruzi aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikaangalia pilipili. "Hapana. Ni za leo."

"Na huyu mwingine, mboga yake ni mbaya?"

"Ni nzuri kumushinda."

"Jua liko wapi?"

"Kichwani."

"Atarudi nayo nyumbani, imenyauka. Si kwamba ni mbaya, watu hawakujua. Kujisifu kwa uongo ni wizi, Mbuzi. Lakini kusema kilichomo ndani ya beseni, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Wewe ni beseni. Sema kilichomo."

Mimi nimejenga depo juu ya maneno yale, sikujenga juu ya kitabu. Lakini siku ile hayakuniingia kama biashara. Yaliniingia mahali pengine. Nilimutazama yule mama wa matembele, nikaona mutoto amesimama kando ya nyumba, amefunga mudomo, na mugongo unakwenda. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: mama alinipita kama watu wanavyopita lile beseni. Hakuniacha kwa ubaya. Hakuna aliyemuambia. Nilikuwa nimebana jani wakati wote ule, na hakuna aliyekwenda kuangalia.

Nilirudi nikamukuta bibi anatwanga.

"Bibi, mama alijua?"

"Alijua nini, mume wangu?"

"Kwamba mimi ni muzuri."

Muchi ulisimama hewani. Bibi aliuweka chini, akaketi, akanivuta nikae kati ya miguu yake, mule penye harufu ya unga na tumbako, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikamueleza habari ya Shefu. Kwanza alitaka kwenda mwenyewe kunisemea, akaanza hata kutafuta kitambaa cha kichwa, lakini muguu ulikataa, akarudi kuketi.

"Sikia," alisema. "Jani ni la mutu anayekaa kati ya watu wake. Wewe unakwenda kwa wasiokujua. Huko, toa jani, useme. Mimi nimekubali. Na babu yako nitamueleza mwenyewe nikimufikia."

Siku zilizobaki Feruzi alinitayarisha kama mutu anavyofundisha kasuku. Kwanza niliambia tanuru wema wangu. Kisha mbuzi wa kweli. Kisha Asani, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, kwa sababu kila nikianza alikuwa analia "Mee!" Feruzi alitaka nizoee kusema huku ninachekwa. "Endelea, endelea, sauti kwa kifua!" Nikaendelea. Siku ya mwisho Asani alisahau kulia, akasema, "Kumbe yule muzee Ramazani ni wewe unayemupeleka?"

Jumapili, ngazi zile zile. Shefu aliuliza swali lake. Nikajaza kifua, na kwa sababu mwalimu wangu alikuwa soko, ilitoka kama soko.

"Shefu! Usipite! Niko hapa, wa leo leo! Ninateka maji bila kutumwa! Ijumaa ninamupeleka muzee Ramazani musikitini, na mimi ni mutu wa misa! Kuku wa jirani alitaga chini ya kitanda chetu, nikarudisha kuku na mayai, hata moja sikuonja, na tulikuwa na njaa!"

Padri alitoa kichwa kwenye dirisha la sakristia. Shefu alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamutoka kwa kicheko, lakini alinipungia mukono niendelee. Nikaendelea mpaka beseni likabaki na kitu kimoja chini kabisa, nacho hakikutaka sauti ya soko.

"Na silii," nikasema. "Bibi akiwepo, silii."

Shefu akaacha kucheka. Kichwa kikainama. "Unazuia kulia kwa ajili ya nini?"

Nikamuambia. Nikataja mama, nikataja Nyangwe. Alinipa daraja, akanifunga fulari yangu upya shingoni mwenyewe, akainyoosha mbele, akainyoosha nyuma, akachukua muda kuliko ilivyohitaji.

Tulikwenda Nyangwe kwa miguu, tukilala njiani kwenye shule za vijiji, na mimi nilitembea mbele ya Chui wote. Mutu akiniuliza leo kama nimewahi kuwa tajiri wa kweli, ninamujibu ndiyo, njiani kwenda Nyangwe. Tulipofika, Shefu alimuita Feruzi kando, akamuambia anipeleke kwa wavuvi, turudi filimbi ikilia. Feruzi aliuliza hapa, akauliza pale, mpaka mwanamuke mumoja akatuonyesha moshi nyuma ya mitumbwi.

Mama alikuwa anageuza samaki juu ya uchaga. Alikuwa na mutoto mugongoni, mutoto nisiyemujua. Akainua macho, akaona kaputula, akaona fulari, akaona mimi. Samaki akabaki mukononi. Alifungua mudomo, na mimi niliogopa. Niliogopa akisema kwanza atasema kwaheri. Basi nikaanza.

"Mama, ninateka maji bila kutumwa. Ninajua kuwasha moto na njiti moja, hata kukiwa mvua. Ninajua mafundo yote, yale ya mutumbwi pia. Ninamupeleka muzee Ramazani. Siibi mayai. Kwa kula, ninakula kidogo..."

Aliketi chini ghafula. Nikadhani hanunui. Nikaongeza sauti, nikaongeza yale ya zamani, yale madogo, siku niliyochanja kuni, siku niliyomupaka bibi mafuta kwenye muguu. Mama akanyoosha mikono yake yenye magamba ya samaki, akanivuta, nikaendelea kusema ndani ya kitenge chake, sauti yangu inanirudia mudomoni.

"Na kisha?" alisema juu ya kichwa changu.

Nikamuambia.

"Na kisha?"

Matone yalikuwa yananiangukia shingoni, kwenye fulari ya wanga. Nikadhani ni moshi, kule Nyangwe wanachoma samaki kwa kuni mbichi. Nikaendelea, kwa sababu aliuliza tena, na kila akiuliza alikuwa ananikaza zaidi, na yule mutoto wa mugongoni alikuwa amelishika sikio langu anachezea.

Mbali, kambini, filimbi ikalia. Ikalia tena. Feruzi, aliyekuwa amesimama kando akitazama muto, akakohoa.

"Mama, utusamehe. Shefu anatuita."

Mama hakuniachilia. Hakugeuza hata kichwa.

"Kamuambie Shefu yenu angoje," alisema. "Mwanangu hajamaliza."